Ubao wa Sita
Hotuba kwa manahodha, wachezaji na wazazi kabla ya mashindano ya chesi ya timu, Lubumbashi

Wazee wangu, wamama, walimu, manahodha, na ninyi wadogo zangu mlioanza kupanga kete kabla viti havijafika: jamboni.

Waandaaji wameniomba niwaeleze jinsi mashindano makubwa ya klabu za chesi yanavyoendeshwa huko nje. Wana sababu. Hapa kwetu tumezoea chesi ya mtu peke yake: unamwalika mwenzako chini ya mwembe, mnacheza, mmoja anaondoka akicheka. Leo watu wa mitaa yetu ya Kamalondo, Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba wanakaa kama timu, watu sita kwa sita. Nitaeleza nilivyoombwa, lakini mjue kabisa kwamba nina upande. Wiki hii manahodha kadhaa wamenifuata wakilalamikia kanuni ya mashindano haya inayodai kila timu iwe na msichana mmoja na mchezaji mmoja ambaye bado anajifunza. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, mnatupunguzia nguvu." Hotuba yangu yote ni jibu kwa huyo ndugu, na yupo hapa, anacheka.

Mji huu hauhitaji kufundishwa klabu ni kitu gani. Mwaka 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil mabao mawili kwa bila na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Ilifungwa na Inter Milan tatu bila, sawa, lakini ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Hakuna timu ya taifa ya bara letu iliyowahi kucheza fainali ya Kombe la Dunia, hata moja. Klabu ya Kamalondo ilicheza fainali ya aina yake. (Mashabiki wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa mjini, vumilieni, nimeshamaliza.)

Katika chesi pia klabu ina njia yake mbali na taifa. Mataifa yana Olimpiadi ya chesi, kila miaka miwili. Klabu za Ulaya zina kombe lao tangu mwaka 1976, na mara ile ya kwanza lilikosa mwenye kulibeba peke yake: Burevestnik ya Moscow na Solingen ya Ujerumani waligawana ubingwa. Siku hizi linachezwa kila mwaka, katika mji mmoja, kwa juma moja hivi. Kila klabu inaweka watu sita mezani. Raundi ni saba, na hakuna anayetolewa. Ukishinda, kesho unapewa aliyeshinda kama wewe. Ukishindwa, unapewa aliyeshindwa. Upangaji huo ulianza kutumika Zürich, Uswisi, mwaka 1895, ndiyo maana unaitwa mfumo wa Uswisi, na ndio tutakaoutumia leo. Uzuri wake ni kwamba timu dhaifu haipandi basi kurudi nyumbani saa nne asubuhi. Ubaya wake, kwenye raundi ya kwanza wadhaifu hukutanishwa na wakubwa kabisa. Huko Ulaya mwalimu wa shule au fundi wa umeme anaweza kuketi mbele ya grandimasta, yaani mchezaji wa daraja la juu kabisa, aliyemwona kwenye magazeti tu. Wengi hushindwa kabla ya saa ya tatu ya mchezo, kisha huomba picha.

Sasa hesabu. Naomba vijana wa Katuba wanaozungumza pale nyuma wanisikilize hapa, kwa sababu mechi nyingi za timu hupotea kwa kutojua hesabu, si kwa kutojua chesi.

Kila ubao una pointi moja. Ukishinda unapata moja, sare nusu. Bao sita, pointi sita. Timu ikipata tatu na nusu imeshinda mechi, na inapewa pointi mbili za mechi. Ikipata sita kwa sifuri imeshinda mechi, na inapewa pointi mbili zilezile. Kwenye msimamo wa jumla zinatazamwa kwanza pointi za mechi. Hizo za bao zinasubiri hadi timu mbili zilingane. Kwa hiyo kumponda mdogo wako sita bila hakukupi pointi za mechi kuliko jirani aliyeshinda tatu na nusu kwa mbili na nusu.

Tazameni jambo la pili. Weka bingwa wa dunia kwenye ubao wa kwanza, weka namba mbili wa dunia kwenye ubao wa pili, wote washinde. Una mbili. Wanne waliobaki wakishindwa, umefungwa nne kwa mbili, na mabingwa wako wawili watarudi hotelini kimya. Upande mwingine, timu yenye sare tano na ushindi mmoja kwenye ubao wa sita, wa kijana ambaye hakuna anayemjua jina, imeshinda mechi. Ubao wa sita hauna punguzo. Pointi yake ni nzima kama ya ubao wa kwanza.

Mtaniuliza: basi kwa nini nisimfiche mkali wangu kwenye ubao wa sita, ale pointi za bure? Huruhusiwi. Kabla ya mashindano nahodha anatoa orodha ya wachezaji wake kwa mpangilio, pamoja na wa akiba, na mpangilio huo haubadiliki hadi mwisho. Ukimpumzisha wa tatu, wa nne anapanda nafasi yake, wa tano anapanda, na wa akiba anaingia chini. Huwezi kumrusha mtu juu ya mwenzake. Rangi nazo zimegawanywa: timu inayotajwa kwanza inacheza vyeupe kwenye bao zisizogawanyika kwa mbili, yaani wa kwanza, wa tatu, wa tano, na vyeusi kwenye zile nyingine. Watatu kwa watatu. Akili ya nahodha iko wapi, basi? Iko usiku wa kuamkia mechi, anapoamua nani apumzike, akikisia na nahodha wa upande wa pili anaamua nini. Nimeona manahodha wasiolala.

Wakati wa mchezo nahodha ana kazi ndogo, na ndogo hiyo ni ngumu. Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinamruhusu kumwambia mchezaji wake atoe ombi la sare, akubali sare, au akubali kushindwa. Basi. Haruhusiwi kusema neno lolote juu ya kete zilivyo. Akisema "angalia farasi wako", ameiba. Hata kukohoa kwa namna fulani, hata kusimama nyuma ya meza akitikisa kichwa, mwamuzi anaweza kumtoa. Anachotakiwa kufanya ni kuzunguka meza sita, kuhesabu, na kujua kwamba tuna mbili kwa mbili, bado bao mbili zinaendelea, moja ni sare tupu, kwa hiyo yule mwingine hana ruhusa ya kukubali sare hata kama mikono inamtetemeka. Mchezaji aliyezoea chini ya mwembe anachukia hapo. Anaona sare yake ni yake. Kwenye timu, sare yako ni ya watu sita.

Nimesema nina upande. Nitaingia sasa kwenye makuta, yaani fedha, kwa sababu bila makuta hakuna anayeelewa nani hushinda kombe lile.

Mwaka 2001 bingwa wa Ulaya aliitwa Nikel Norilsk. Norilsk ni mji wa machimbo kaskazini kabisa mwa Urusi, nikeli na shaba, baridi ambayo mtu wa Lubumbashi haiwezi hata kwa dakika kumi. Mwaka 2012 na 2014 bingwa alikuwa SOCAR, jina la kampuni ya mafuta ya Azerbaijan. Sisi watu wa shaba tunaelewa vizuri: palipo na kitu chini ya ardhi, juu yake huota timu. Mazembe yenyewe ilipochukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2015, kiungo aliyekuwa akipendwa kuliko wengi alikuwa Rainford Kalaba, mtoto wa Zambia. Hakuna aliyelia kwamba si wa hapa. Kwa hiyo sitasimama mbele yenu kukemea klabu zinazoajiri wageni. Mgeni mzuri anafundisha watoto wa nyumbani kwa kucheza tu mbele yao.

Lakini tazameni kilichotokea Paris. Klabu ya NAO ilifadhiliwa na mama mmoja tajiri, Nahed Ojjeh; jina la klabu ni herufi za jina lake. Ilikusanya wakubwa, Kramnik akiwemo, aliyekuwa mmoja wa mabingwa wa dunia wakati ule. Ikachukua kombe la Ulaya mwaka 2003, ikalichukua tena 2004. Miaka miwili baadaye haikuwepo. Mfadhili aliondoka, wachezaji wakapata klabu nyingine, na mlango ukafungwa, kwa sababu chini ya bao zile sita hapakuwa na watu wa kutosha kuuweka wazi.

Solingen, wale waliogawana kombe la kwanza mwaka 1976, ni klabu ya mwaka 1868. Mwaka huo hapa hapakuwa na mji wala reli. Mwaka 2016, miaka arobaini baada ya kombe lile, Solingen ilikuwa bingwa wa ligi ya Ujerumani tena. Nao wameajiri wageni, tusijidanganye. Tofauti ni kwamba mgeni akiondoka, jioni bado kuna watoto na wazee wanaofungua kabati, wanatoa kete, wanacheza.

Kuna Nový Bor ya Jamhuri ya Cheki pia, mji mdogo wa watengeneza vioo, watu wake wote mngeweza kuwaweka kwenye uwanja wa mpira na viti vikabaki. Umechukua kombe la klabu bingwa Ulaya mwaka 2013, na tena 2022. Nikiusoma msimamo na kuuona Nový Bor juu ya miji yenye mamilioni ya watu, huwa najiuliza Lubumbashi tunasubiri nini.

Na kuna Sarajevo, ya Bosnia. Hapa nitaenda polepole kidogo. Mji ule ulizingirwa na majeshi tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Mizinga juu ya vilima, maji ya kuchota kwa foleni, umeme hakuna. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1994, klabu ya Bosna Sarajevo ilishika ubingwa wa Ulaya pamoja na Lyon-Oyonnax ya Ufaransa. Baadaye ikaushika peke yake mwaka 1999, 2000 na 2002. Siwaambii kwamba chesi ilisimamisha mzinga hata mmoja. Haikusimamisha. Nawaambia kwamba katika mji ambao kila kitu kilikuwa kimevunjika, klabu haikuvunjika, na vita vilipokwisha ilikuwa tayari imesimama. Tuna ndugu wa Goma na Bukavu humu ndani, waliofika kwetu mwaka jana na mwaka huu wakiwa na mifuko miwili mitatu. Wengine wao wanacheza vizuri kuliko sisi. Nahodha ambaye bado ana nafasi kwenye orodha yake ajue pa kutazama.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa "mnatupunguzia nguvu".

Mwaka 2023, Düsseldorf, FIDE ilianzisha mashindano ya dunia ya timu kwa mchezo wa haraka, dakika kumi na tano kwa kila mchezaji na sekunde kumi za nyongeza kwa kila mwendo. Timu yoyote iliruhusiwa: klabu, marafiki, tajiri na watu wake. Wakubwa walifurika. Lakini FIDE iliweka sharti. Kati ya watu sita wanaoketi, lazima awepo mwanamke, na lazima awepo mchezaji wa kujifurahisha tu, ambaye kiwango chake cha Elo, yaani alama za kupima nguvu ya mchezaji, hakijawahi kufika 2000. Fikirieni timu ya WR Chess, iliyochukua kombe lile la kwanza. Ilikuwa na Nepomniachtchi, aliyekuwa ametoka kucheza fainali ya ubingwa wa dunia miezi michache nyuma. Ilikuwa na Hou Yifan, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa wanawake. Na kando yao kwenye meza ileile, mfadhili wao mwenyewe, Wadim Rosenstein, mchezaji wa kawaida kama wewe na mimi, anayetoka jasho.

Unadhani nini kilitokea kwa mashindano? Watu walianza kuzitazama meza zile za wadogo. Kwenye bao za juu grandimasta na grandimasta wanashikana, nusu kwa nusu, kwa sababu wote wanajua kila kitu. Kwenye ubao wa yule wa kujifurahisha mambo yanageuka mara tatu kwa mchezo mmoja, malkia anapotea, anarudi, na pointi ile ndiyo inayoamua mechi. Kwa hiyo matajiri walilazimika kufanya kitu ambacho hawakukizoea: kutafuta mtu asiye na jina, au kuketi wenyewe.

Ndiyo kanuni yetu hiyo, ndugu yangu. Sijaitoa kichwani. Na angalia ilivyo na faida kwako: kama msichana wako wa Katuba anajua kumaliza mchezo wa ngome na askari kuliko wenzake, timu yenye wanaume watano wanaojua mianzo kumi na miwili ya kuhifadhi itamlilia mwamuzi. Mimi ninamjua mmoja. Sitamtaja, mtamwona kwenye raundi ya kwanza.

Mtu anaweza kunipinga kwa mfano wa klabu ya Offerspill ya Norway, na ana haki. Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati ule, aliianzisha mwaka 2019, na sababu haikuwa ya kupendeza sana: shirikisho la chesi la nchi yake lilikuwa linajadili mkataba na kampuni ya kamari, yeye aliutaka, akafungua klabu na kuahidi kuwalipia ada wanachama elfu moja wa kwanza, ili klabu iwe na kura mkutanoni. Mkutano ukaukataa mkataba. Wengi walidhani klabu itakufa hapo, kama vyama vyetu vinavyokufa baada ya uchaguzi. Haikufa. Mwaka 2023, huko Durrës, Albania, Offerspill ilichukua kombe la klabu la Ulaya, Carlsen akiwa ubao wa kwanza, huku kukiwa na timu ambazo kwenye karatasi zilikuwa nzito kuliko yake. Ndiyo, yeye ni Carlsen. Lakini yeye ana pointi moja tu kwa mechi, nimeshawaonyesha hesabu. Zile mbili na nusu nyingine zilitoka kwa watu ambao hamna picha zao ukutani.

Neno la jirani zetu, kisha nikae. Mkienda Kasumbalesa na kuvuka mpaka kuingia Zambia, mnapita Chililabombwe, Chingola, Kitwe, mnafika Ndola. Safari ya siku moja kwa basi, forodha ikiwa na huruma. Ndola ndiko alikozaliwa Amon Simutowe, mwaka 1982, ambaye mwaka 2009 alikuwa grandimasta wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara. Hakutokea Cairo, hakutokea Cape Town. Alitokea kwenye ukanda wa shaba uleule tuliosimama juu yake, upande wa pili wa mpaka uliochorwa na watu wasiotuuliza. Watu wake wanasema Kibemba, nusu yenu humu mnakisema. Kama kuna mashindano ya kimataifa ya klabu ambayo Lubumbashi inaweza kuyaandaa bila kusubiri ndege wala mfadhili wa Ulaya, ni kati yetu na Copperbelt, jimbo lile la Zambia. Bao sita, raundi tano, siku mbili za wikiendi, wageni walale kwa wenyeji na wale bukari ya nyumbani. Gharama kubwa ni saa za chesi, kwa sababu kete tunazo. Nimewasikia wazazi wawili watatu wakinong'ona kuhusu saa hizo. Nitawatafuta mchana, msinikimbie.

Timu itakayotuwakilisha kule haitachaguliwa kwa kutazama nani alishinda ubao wa kwanza leo. Kamati imekubali, na ninalisema hadharani ili isigeuke: itapewa nafasi klabu iliyoshinda mechi nyingi, nzima kama ilivyo, na mchezaji wake wa sita. Anayetaka kuazima mkali wa klabu nyingine kwa siku mbili, asijisumbue.

Mambo ya mwisho ni ya kazi. Manahodha, orodha zenu ziwe mezani kwangu kabla ya saa tatu, zikiwa na mpangilio wa wachezaji wote, wa akiba pia. Baada ya hapo sibadilishi jina hata kwa machozi. Kila mmoja aandike miendo yake, hata yule wa kujifunza, kwa sababu bila karatasi sitaweza kuwasikiliza mkigombana. Simu zote kwenye kikapu cha mlangoni. Ikilia mfukoni mwako wakati wa mchezo, umeshindwa, na umewatia wenzako watano hasara. Umeme ukikatika, saa zinasimamishwa, kete hazigusiki, mnakaa palepale mpaka taa za betri zije. Kamalondo na Ruashi, ninyi ni meza za dirishani. Kamalondo mmetajwa kwanza, kwa hiyo vyeupe ubao wa kwanza, wa tatu na wa tano. Karibuni mkae.